Kolwezi 1978: Mapigano Yaliyoharakisha Kuzaliwa kwa Sumaku Mpya

Mei 13, 1978, wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC, wengi wao Wakatanga waliokuwa uhamishoni Angola, waliuteka mji wa Kolwezi katika jimbo la Shaba (Katanga), Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku sita baadaye askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashushwa kuukomboa. Mamia ya watu waliuawa, mafundi wa kigeni wakakimbia, migodi ikasimama. Zaire ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuzalisha kobalti, na bei yake, iliyokuwa imeanza kupanda, ikaruka mara kadhaa. Miongoni mwa walioumia ni watengenezaji wa sumaku, kwani sumaku kali za wakati huo zilihitaji kobalti.

Sumaku ya kwanza ilikuwa jiwe la magnetaiti, lililookotwa ardhini. Mwaka 1269, Petrus Peregrinus wa Ufaransa aliandika kwamba sumaku ina ncha mbili, na ukiivunja, kila kipande hupata ncha zake mbili. Mwaka 1600, William Gilbert wa Uingereza alieleza kuwa dunia yenyewe ni sumaku, ndiyo maana sindano ya dira huelekea kaskazini. Kisha, mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark akaona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Miaka mitano baadaye William Sturgeon akazungushia waya kipande cha chuma, akapata sumaku-umeme: ina nguvu umeme unapopita, ukikatwa nayo inalegea.

Sumaku ya kudumu ina kazi ngumu zaidi. Mwaka 1907, Pierre Weiss alieleza kuwa ndani ya chuma mna sehemu ndogo mno, kila moja ikiwa sumaku. Katika msumari wa kawaida sehemu hizo zimeelekea huku na huku, nguvu zao zikafutana. Ukiusugua msumari kwa sumaku, nyingi huelekea upande mmoja, lakini hazikawii kuvurugika. Joto nalo huzivuruga: chuma hupoteza usumaku kwenye nyuzi 770 za Selsiasi, ilhali kobalti huvumilia hadi kupita nyuzi 1,100.

Hiyo ni sababu mojawapo ya kobalti kupendwa. Mwaka 1917, Kotaro Honda wa Japani aliichanganya na chuma cha pua akapata sumaku isiyolegea upesi. Ikafuata alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, iliyotia sauti spika za redio kwa miaka mingi. Miaka ya 1960 ikaja sumaku ya samariamu na kobalti, yenye nguvu kuliko zote zilizotangulia, lakini ghali.

Kobalti ilipopanda bei, watengenezaji wengi wa spika walihamia feraiti, sumaku nyeusi ya oksidi ya chuma na bariamu au strontiamu. Ni rahisi, ila ni dhaifu, hivyo lazima iwe kubwa. Maabara nazo zikaongeza kasi ya kutafuta sumaku kali isiyo na kobalti kabisa.

Jibu lilipatikana pande mbili kwa wakati mmoja. Masato Sagawa, Japani, alisaga aloi kuwa unga, akaushindilia ndani ya uga wa sumaku ili chembe zote zielekee upande mmoja, kisha akauchoma ukashikana. John Croat wa General Motors, Marekani, aliimwaga aloi iliyoyeyuka juu ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, ikaganda papo hapo kuwa utepe mwembamba. Wote walifikia mchanganyiko uleule: atomu 2 za neodimiamu, 14 za chuma na 1 ya boroni. Ugunduzi huo ulitangazwa mwaka 1983, na leo sumaku hiyo imo katika simu, magari ya umeme na mitambo ya upepo.

Sasa neodimiamu ndiyo inayosakwa, na Tanzania inayo Ngualla, mkoani Songwe. Historia hii inatuonya. Mnunuzi akibanwa na bei ya madini, huwalipa wanasayansi watafute namna ya kuyaacha. Kwa hiyo mgodi wa Ngualla uende sambamba na maabara za metali katika vyuo vyetu, na vijana wetu wafundishwe kutengeneza sumaku, si kuchimba malighafi yake tu. Madini yanaweza kupata mbadala wakati wowote. Anayejua kuutengeneza mbadala huo ndiye anayebaki na soko.