Gharama kwa Gharama: Historia ya Kukatana Gharama za Mashauri ya Madai, kutoka Westminster hadi Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika shauri la madai, hukumu si mwisho wa ugomvi. Baada ya mahakama kutamka nani ameshinda, hubaki swali la nani atalipa gharama za shauri, na mara nyingi jibu lake si moja. Mdai anaweza kushinda shauri la msingi na kupewa gharama, ilhali miezi kadhaa kabla alishindwa katika maombi madogo na mdaiwa akapewa gharama za maombi hayo. Tuseme mdaiwa anapaswa kumlipa mdai shilingi 8,000,000, na mdai anapaswa kumlipa mdaiwa shilingi 3,000,000. Mahakama inaweza kuamuru madeni hayo yakatane, ili mdaiwa alipe shilingi 5,000,000 tu. Utaratibu huo ndio unaoitwa katika makala haya kukatana gharama.

Kwa mtazamo wa kwanza, hili ni jambo la hesabu tu. Pande zote zikiwa na uwezo wa kulipa, matokeo ni yaleyale, madeni yakatane au yasikatane. Tofauti hujitokeza pale upande mmoja unapokuwa hauna kitu. Ikiwa mdai katika mfano wetu ni fukara, basi bila kukatana mdaiwa atalipa shilingi 8,000,000 zote na hatazipata kamwe 3,000,000 zake. Gharama zikikatana, mdaiwa amenusurika. Lakini hasara hiyo sasa huenda ikamwangukia wakili wa mdai, ambaye alifanya kazi kwa kutegemea kwamba ujira wake ungetoka katika fedha hizo.

Makala haya yanatetea hoja moja: historia ya kukatana gharama ni historia ya swali la fedha za gharama ni mali ya nani. Uingereza, ambako kanuni hii ilikulia, ililijibu swali hilo kwa namna tofauti katika nyakati tofauti. Afrika Mashariki ilipokea sheria hiyo ikiwa imekwisha kubeba mvutano huo ndani yake.

2.0 Chimbuko la Gharama na la Kukatana Madeni

Gharama hazikatani mpaka kila upande uwe na haki ya kudai gharama, na haki hiyo haikuja kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Sheria ya Gloucester ya mwaka 1278 ilimpa mdai aliyeshinda haki ya kurudishiwa gharama zake. Mdaiwa aliyeshinda alisubiri zaidi ya karne mbili: sheria ya mwaka 1531 ilimpa gharama katika baadhi ya mashauri, na ile ya mwaka 1607 ikaipanua haki hiyo. Tangu hapo iliwezekana watu wawili watoke mahakamani kila mmoja akiwa na amri dhidi ya mwenzake.

Kukatana madeni kwa ujumla kulipata nguvu ya sheria mwaka 1729, na sheria hiyo ikaimarishwa mwaka 1735. Mazingira yake yanafaa kukumbukwa. Kifungu cha mwaka 1729 kiliwekwa ndani ya sheria iliyohusu nafuu kwa wadaiwa waliofungwa gerezani kwa sababu ya madeni. Mtu aliweza kukaa kifungoni kwa deni alilodaiwa na mtu ambaye naye alikuwa na deni lake. Kukatana, basi, kulianza kama kinga ya mnyonge. Hata hivyo, sheria hizo zilihusu madeni yanayotajwa katika majibu ya madai. Kukatana hukumu kwa hukumu, au gharama kwa gharama, kuliachwa katika mamlaka ya asili ya mahakama juu ya watu wanaofika mbele yake.

3.0 Mahakama Mbili, Majibu Mawili

Katika karne ya 18, mahakama mbili kubwa zilizoketi katika jumba moja la Westminster zilitoa majibu yanayopingana. Ile iliyoitwa King's Bench ilishika kwamba gharama haziwezi kukatana kwa namna inayomnyima wakili haki yake. Wakili ndiye aliyetumia fedha na jasho kuipata hukumu ile. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuyashikilia matunda yake mpaka alipwe. Ile iliyoitwa Common Pleas iliruhusu gharama zikatane kwanza, na wakili achukue kile kilichobaki. Kwa mahakama hii, haki ya wakili ilichipua kutoka katika haki ya mteja wake. Ikiwa mteja hadai zaidi ya baki, wakili atadaije zaidi?

Hivyo mtu alipata au kukosa fedha kutegemea mlango alioingilia katika jumba hilohilo. Mwaka 1832 kanuni za pamoja zilijaribu kuumaliza mgongano huo kwa kuchukua msimamo wa King's Bench: fidia au gharama zisikatane kwa kumdhuru wakili katika shauri husika. Ulibaki msamaha mmoja tu, nao ni kwamba gharama za maombi madogo ndani ya shauri lilelile ziliweza kupunguzwa.

Msimamo huo haukudumu. Sheria za mwaka 1873 na 1875 ziliziunganisha mahakama za juu za Uingereza, na Kanuni za mwaka 1883 zikaigeuza kanuni ya awali: sasa mahakama iliweza kuruhusu kukatana hata kama wakili ana haki ya kushikilia fedha hizo. Neno la msingi hapa ni “kuweza”. Kukatana hakukuwa haki ya moja kwa moja. Kulikuwa hiari ya jaji, atakayepima mazingira ya kila shauri.

4.0 Kanuni Inaingia Afrika Mashariki

Afrika Mashariki haikuipokea kanuni hii kutoka London moja kwa moja, bali kwa kupitia India. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya mwaka 1908 ilitumika Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, hadi ilipotungwa Sheria ya Mwenendo wa Madai Na. 49 ya mwaka 1966, ambayo ilifuata mpangilio wake kwa karibu.

Sheria ya India ilibeba majibu yote mawili. Katika Amri ya XX, mahakama iliruhusiwa kuelekeza kwamba gharama anazostahili upande mmoja zikatwe katika fedha ambazo upande huo unadaiwa na mwenzake. Katika Amri ya VIII, inayohusu kukatana madeni kwa njia ya majibu ya madai, iliwekwa hifadhi kwamba kukatana huko hakuathiri haki ya wakili juu ya fedha zilizotolewa kwa hukumu. Kwa maneno mengine, Common Pleas na King's Bench zilisafiri pamoja katika kitabu kimoja.

Amri ya XXI nayo iliweka masharti ya kukatana wakati wa kukazia hukumu: mwenye hukumu ya fedha nyingi hukazia baki tu, mradi pande zilezile ziwe na nafasi ileile kisheria katika mashauri yote mawili. Mtu aliyeshtaki kama msimamizi wa mirathi hawezi kuzitumia fedha za warithi kufuta deni lake binafsi. Sharti hili ni muhimu katika jamii ambamo mashauri ya ardhi na mirathi mara nyingi huhusu watu walewale wa ukoo mmoja.

Nchini Tanzania, kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kimeziacha gharama katika hiari ya mahakama, lakini kinamtaka hakimu au jaji atoe sababu kwa maandishi anapoamua kwamba gharama zisifuate ushindi. Mwaka 1972, katika shauri la Premchand Raichand, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza misingi ya kutathmini gharama ambayo bado inafuatwa: gharama zisipande kiasi cha kuwaachia matajiri peke yao mlango wa mahakama, mshindi arudishiwe kwa haki alichotumia, na ujira uwe wa kutosha kuwavuta watu katika uwakili. Misingi hii mitatu inamhusu maskini, mshindi na wakili, yaani watu walewale ambao kukatana gharama huwagombanisha.

5.0 Mwenye Kinga na Mwenye Deni

Baada ya Uingereza kuanzisha msaada wa kisheria kwa sheria ya mwaka 1949, swali lilirudi kwa sura mpya. Mtu anayesaidiwa alikingwa asilipishwe gharama zaidi ya uwezo wake. Je, gharama anazodaiwa zaweza kukatwa katika zile anazodai? Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya huko ilijibu kwamba yawezekana, kwa kuwa kukatana hakumlazimishi mtu kutoa fedha mfukoni mwake.

Mwaka 2013 ulianzishwa utaratibu mwingine wa kinga kwa wadai walioumia mwilini. Katika uamuzi wa tarehe 6 Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilishughulikia shauri la ajali ya barabarani lililomalizika kwa maafikiano ya pauni 30,000, kisha pande zikaendelea kugombania gharama zenyewe. Mahakama ilishika kwamba kukatana gharama kwa gharama ni namna ya kukazia amri, na kwa hiyo hakuwezi kupita mipaka ya kinga. Majaji walikiri kwamba matokeo hayo yanaweza kuonekana si ya haki kwa mdaiwa. Kanuni zilirekebishwa, na kwa mashauri yaliyofunguliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2023, gharama anazostahili mdai nazo ziliingizwa katika fungu ambalo mdaiwa anaweza kulifikia.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba kukatana gharama kulianza kama kinga ya mfungwa wa deni, kukawa uwanja wa mvutano kati ya mteja na wakili, na hatimaye kukawa tishio kwa mdai asiye na uwezo. Kanuni haikubadilika umbo. Aliyebadilika ni mtu anayebeba hasara.

Suala hili lina uzito kwa Tanzania ya leo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewafungulia wasio na uwezo njia ya kufika mahakamani, na marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwananchi atakayesomewa amri kwamba gharama zake “zimekatana” na za mwenzake ana haki ya kuelewa fedha zake zimekwenda wapi. Makala haya yanapendekeza kwamba mahakama inapoamuru kukatana, itaje kwa maandishi mambo matatu: ni madeni yapi yanayokatana, kama pande zina nafasi ileile kisheria, na ni nani atakayebeba hasara endapo baki halitalipika. Sheria tayari inadai sababu pale gharama zisipofuata ushindi. Si jambo kubwa kudai sababu pia pale ushindi wa mtu unapotumika kulipia kushindwa kwake.