Kutoka Kambini hadi Darasani: Historia ya Kiswahili cha Oli na Koboko na Malezi ya Mwalimu Tarajali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna historia ya Kiswahili katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, inavyojitokeza mbele ya mwalimu tarajali anayejifunza kufundisha somo hilo katika shule ya sekondari. Hoja kuu ni kwamba wanafunzi wengi wa Oli mjini Arua, na wa mji wa Koboko, huingia darasani wakiwa na Kiswahili kilichorithiwa kambini, sokoni na uhamishoni, ilhali mtaala huwachukulia kuwa wanaanza upya. Mwalimu tarajali asiyeijua historia hiyo huona makosa matupu. Anayeijua hupata mahali pa kuanzia somo. Makala yanafuatilia hatua kuu za historia hiyo, kisha yanaonesha maana yake katika ufundishaji wa ngeli na msamiati.

Utangulizi

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika mwaka wa kwanza na wa pili. Mnamo Machi mwaka huohuo shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na ufunguzi kamili ulifanyika Januari 2022. Tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa upande wa walimu, Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 ilitaka kila mwalimu awe na shahada, na vyuo vitano vya taifa vya ualimu, kikiwemo cha Muni karibu na Arua, viliwekwa chini ya taasisi mpya ya taifa ya elimu ya ualimu. Maamuzi hayo yote hatimaye humwangukia mtu mmoja: mwalimu anayesimama mbele ya darasa akiwa na chaki mkononi na andalio la somo mezani.

Mwalimu tarajali hutumwa shuleni kwa majuma kadhaa ya mazoezi ya kufundisha. Huandaa azimio la kazi, hufundisha mbele ya msimamizi, na hutakiwa kutafakari baada ya kila kipindi: lipi limefaulu, lipi limeshindikana, na kwa nini. Desturi hii ya tafakuri ina mizizi katika maandishi ya John Dewey, hasa kitabu chake cha mwaka 1910 kilichotolewa upya mwaka 1933, na ilipewa nguvu mpya na Donald Schön mwaka 1983. Hata hivyo, tafakuri inayoishia katika dakika arobaini za kipindi huwa na upungufu. Jambo linalotokea darasani laweza kuwa na chanzo kilichotangulia kuzaliwa kwa mwalimu na kwa mwanafunzi pia. Oli na Koboko ni mfano mzuri wa jambo hilo.

Lugha iliyotangulia shule

West Nile iliingia Uganda kwa njia isiyo ya kawaida. Mwaka 1894 eneo la Lado, ambalo West Nile ilikuwa sehemu yake, lilikodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake Desemba 1909, eneo hilo lilirudi chini ya utawala wa Sudani mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Mwaka huohuo A. E. Weatherhead alifungua kituo cha utawala Arua. Ndani ya miaka ishirini, wenyeji walitawaliwa kutoka pande tatu, na kila utawala ulikuja na askari wake.

Miongoni mwa waliokuja na utawala walikuwamo Wanubi, wazao wa askari wa jimbo la Ikweta lililotawaliwa na Emin Pasha hadi mwaka 1889. Lugha yao, Kinubi, ilizaliwa kutokana na Kiarabu cha kambini. Katika mazingira ya Afrika Mashariki, Kinubi kiliishi bega kwa bega na Kiswahili na kukopa kutoka kwacho. Oli, mtaa wa Arua unaobeba jina la mto, ukawa mahali ambapo Uislamu, biashara ndogondogo, Kinubi na Kiswahili vilikutana. Wenyeji wa Kilugbara na wa Kikakwa walioingia mjini walikutana na lugha hizo kabla ya kukutana na shule.

Njia ya pili ilikuwa jeshi. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, kilikusanya askari wa makabila mengi, na West Nile ikawa moja ya maeneo makuu ya kuandikisha vijana. Kiswahili cha amri kilichotumika humo kilijulikana kama Kikeya. Kilikuwa kifupi, hakikujali upatanisho wa ngeli, na mara nyingi kilikanusha kwa neno "hapana" lililowekwa mbele ya kitenzi. Njia ya tatu ilikuwa kazi ya vibarua. Vijana wa West Nile walisafiri hadi mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, wakaishi na watu wa lugha nyingine, na kurudi makwao na Kiswahili cha kazi.

Hapa kuna jambo ambalo mwalimu tarajali hana budi kulizingatia. Kiswahili sanifu anachokibeba kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kwa msingi wa Kiunguja, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi mwaka 1930. Wakati huo askari wa Arua walikuwa wamekwisha kuamrishana na kusalimiana kwa Kiswahili chao kwa miaka kadhaa. Hivyo Kiswahili cha Oli hakikutokana na usanifu ulioharibika njiani. Kilikua kwa njia yake, sambamba na mchakato wa usanifishaji na mbali nao.

Sera za Kampala na maisha ya mpakani

Mwaka 1927 Gavana W. F. Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi mwaka 1929, na viongozi wa makanisa walikuwa na mashaka yao. Hofu ya kumezwa na walowezi wa Kenya, endapo nchi za Afrika Mashariki zingeunganishwa, iliongeza uzito wa upinzani huo. Kufikia mwaka 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa kwa matumizi ya shule, ingawa kiliendelea kutumika katika polisi na jeshi.

Athari ya uamuzi huo haikuwa sawa kila mahali. Katika maeneo mengi ya kusini, Kiswahili kilibaki lugha ya askari, na kwa raia wengi kikawa sauti ya kizuizi cha barabarani. Katika Oli, lugha hiyohiyo ilikuwa pia sauti ya sokoni na ya nyumbani. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 iliyokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa haikuleta walimu wala vitabu vya kutosha, na kwa kuwa Amin mwenyewe alihusishwa na Koboko, lugha ilizidi kutazamwa kwa jicho la siasa.

Baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1979, watu wa West Nile waliadhibiwa kwa pamoja. Mapigano na mauaji ya mwaka 1980 na 1981, yakiwemo yale ya misheni ya Ombaci mnamo Juni 1981, yaliwafanya watu wengi kukimbilia Zaire na Sudani. Watoto walikulia ng'ambo ya mpaka, karibu na Aru, Ariwara na Yei, miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili cha Kongo, Kibangala na Kiarabu cha Juba. Waliporejea, walirudi na lugha hizo. Kwa hiyo urithi huu una pande mbili. Familia moja yaweza kukumbuka Kiswahili kama lugha ya jirani aliyewapa chakula uhamishoni. Nyingine yaweza kukikumbuka kama lugha ya amri usiku wa kukimbia. Mwalimu hana haki ya kudhani kwamba kila mtoto anaupokea urithi huo kwa furaha.

Mzunguko huo haujakoma. Koboko, iliyopata hadhi ya wilaya mwaka 2005, iko penye makutano ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Makazi ya Lobule yanahifadhi wakimbizi kutoka Kongo, na wilaya jirani ya Yumbe ilifungua makazi ya Bidi Bidi mwaka 2016 kwa ajili ya waliotoka Sudani Kusini. Katika darasa moja la eneo hili anaweza kuwapo mtoto wa Kinubi, mtoto aliyeleta Kiswahili cha Kongo, na mtoto wa Kilugbara kutoka kijijini ambaye hana Kiswahili kabisa.

Mwalimu tarajali mbele ya ngeli

Mpangilio wa kawaida wa somo la Kiswahili nchini Uganda humfaa zaidi mwanafunzi ambaye hajui kukizungumza lakini lugha yake ya kwanza ni ya Kibantu. Mtoto wa Kiganda anayesema "ekitabo kyange" tayari ana upatanisho wa "kitabu changu". Anachokosa ni msamiati na mazoea ya kuzungumza. Hali ya Oli ni kinyume chake. Kilugbara ni lugha ya Sudani ya Kati, Kikakwa ni ya Kinailoti, na Kinubi kina asili ya Kiarabu. Hakuna hata moja yenye mfumo wa ngeli wa Kibantu. Kwa ufupi, kusini sarufi iko karibu na mazungumzo yako mbali. Oli mazungumzo yako karibu na sarufi iko mbali.

Chukua mfano wa mwalimu tarajali aliyelelewa kusini, anayefundisha ngeli ya KI-VI kwa mara ya kwanza katika shule ya mjini Arua. Anauliza swali rahisi, na mikono inainuka kwa wingi kuliko alivyotarajia. Mwanafunzi wa kwanza anajibu kwa ufasaha wa mtu aliyezoea lugha: "Kitabu yangu iko nyumbani." Mwalimu anamkatiza na kusahihisha. Wa pili anasema "watu mingi", naye anasahihishwa. Kufikia mwanafunzi wa nne, mikono imeshuka. Katika daftari la tafakuri mwalimu ataandika kwamba wanafunzi hawakuwa na ari. Maelezo hayo yatakuwa ya kweli kwa macho na ya uongo kwa historia: wanafunzi walikuja na ari, na ilikwisha baada ya kila mmoja kuambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwao ni kosa.

Mwalimu anayeijua historia husikia jambo jingine katika sentensi ileile. "Yangu" inayofuata kila nomino ina mantiki yake: Kikeya kilisahilisha upatanisho kwa njia hiyo, na Kinubi nacho hutumia umbo lilelile la umiliki kwa nomino zote. Mwalimu huyo anaweza kugawa ubao sehemu mbili, upande mmoja "tunavyosema sokoni" na upande wa pili "tunavyoandika". Wanafunzi wenyewe wataleta majina ya vitu vinavyouzwa Oli, kama vile kikapu, mkeka, muhogo na kitunguu, kisha watatafuta kinachobadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kanuni ya ngeli itazaliwa kutokana na maneno yao. Mtoto wa kijijini asiye na Kiswahili atafaidika pia, kwa kuwa wenzake watakuwa wasaidizi wake badala ya kunyamaza.

Msamiati nao una mitego yake. Katika Kinubi neno "moyo" lina maana ya maji. Mwalimu anayefundisha viungo vya mwili na kusikia kicheko anapolitaja neno hilo anaweza kudhani amedharauliwa. Akiuliza sababu ya kicheko, atakuwa amepata somo zima kuhusu maneno yanayofanana umbo na kutofautiana maana.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kuvumilia lahaja ya mtaani kutamwangusha mwanafunzi katika mtihani wa taifa, ambao haumuulizi mtu anatoka mtaa gani. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana usanifu lazima ubaki kuwa lengo la somo. Suala ni pa kuanzia. Isitoshe, mtaala wa sasa unatenga sehemu ya alama kwa tathmini endelevu, nayo humhitaji mwanafunzi azungumze na atende. Mwanafunzi aliyenyamazishwa katika mwaka wa kwanza hatakuwa na la kutathminiwa.

Hitimisho

Historia ya Kiswahili cha Oli na Koboko inaonesha kwamba lugha ilifika kabla ya mtaala, ikaishi bila msaada wa shule, na kuvuka mipaka pamoja na watu waliokimbia. Mambo matatu yanafuata. Kwanza, maandalizi ya mazoezi ya kufundisha yajumuishe historia ya lugha ya mahali anapopelekwa mwalimu tarajali. Pili, daftari la tafakuri liwe na nafasi ya swali la asili ya jibu la mwanafunzi, pamoja na lile la usahihi wake. Tatu, wasimamizi wampime mwalimu tarajali kwa uwezo wake wa kusikiliza sawa na wanavyopima usafi wa andalio lake.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwalimu tarajali ni mgeni katika shule anayopangiwa. Akifika na kitabu cha sarufi peke yake, wenyeji watamstahi na kunyamaza. Akifika akiwa tayari kujifunza walikotoka, mikono iliyoinuka mwanzoni mwa kipindi itabaki juu hadi kengele ilie.