Herufi, Kidole na Wembe: Taashira na Maadili katika Riwaya ya Hawthorne na katika Historia ya Meru

Makala haya yananuia kuisoma riwaya ya Nathaniel Hawthorne, The Scarlet Letter (1850), sambamba na historia ya Meru. Aghalabu wanafunzi wetu huiona kuwa hadithi ya ughaibuni: Boston ya karne ya 17, Wapuritani, na Hester Prynne aliyelazimishwa kuvaa kifuani herufi A nyekundu kwa kosa la uzinzi. Kwa maoni yetu, msomaji wa Chogoria au wa Runyenjes ana sababu ya kuielewa riwaya hii upesi kuliko wengi.

Hester anaitarizi herufi hiyo kwa nyuzi za dhahabu. Kwa kitendo hicho, taashira inaanza kuwaponyoka waliyoibuni, na baada ya miaka watu wa mji wanaisoma kuwa alama ya uwezo wake. Jambo kama hilo lilitukia Chogoria mwaka 1929. Misheni ya Kanisa la Scotland, iliyoongozwa na Dkt. Archibald Irvine, iliwataka waumini waikane tohara ya wasichana kwa kutia alama ya kidole gumba, yaani kirore. Wengi walikataa, wakatoka. Ile alama ya imani ikageuka jina la dhihaka walilobandikwa waliobaki.

Tukio la 1956 ndilo lenye uzito zaidi. Mwezi Aprili, katika kipindi cha hali ya hatari, wazee wa Njuri Ncheke, kwa msukumo wa maofisa wa kikoloni, walipiga marufuku tohara ya wasichana. Hapa mila na dola zilizungumza kwa kinywa kimoja, kama kanisa na mahakama za Boston. Wasichana nao walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani kukatana wao kwa wao. Mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kwamba kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo.

Wasichana hao waliitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”. Walipoulizwa ni nani aliyewakata, walidai kwamba wamejikata wenyewe, ili mama, bibi na marafiki zao wasiingizwe mashakani. Hester naye, akiwa jukwaani na mtoto mikononi, anakataa kumtaja baba wa Pearl. Yeye ananyamaza, hawa walisema. Hata hivyo kazi ya kimaadili ni ile ile: mwenye alama anaubeba mzigo peke yake ili mwingine asalimike. Tofauti iko kwa anayefichwa. Mchungaji Dimmesdale anafichwa na Hester huku akihubiri maadili mimbarini, na ukimya huo unamla moyo. Bibi wa Kimeru hakuwa mnafiki wa namna hiyo. Aliiamini tohara waziwazi mpaka siku amri ilipomfanya mhalifu.

Wako wahakiki watakaovutwa kumwita msichana wa Ngaitana shujaa wa uhuru. Tunasita. Katika sura ya 18, msituni, Hester anaing’oa herufi na kuitupa. Nywele zake zinafunguka, jua linamwangaza. Ni kweli kwamba Pearl anakataa kumkaribia mpaka aivae tena, lakini kitambaa hubaki kitambaa. Wembe haukuacha kitu cha kuvuliwa. Uhakiki unaoigeuza nyama ya msichana kuwa “ishara” tu unarudia kosa la mahakimu wa Boston, waliomtazama Hester wakaona herufi. Wala hoja hii haiwatakasi waliotoa amri ya 1956: waliutaka mwili ule ule uwe hati ya utiifu wao, wakamtoza faini aliyekwisha umia.

Kenya ilitunga sheria ya kuharamisha ukeketaji mwaka 2011. Mwishoni mwa riwaya, Hester anarudi Boston kwa hiari na kuivaa tena herufi ambayo hakuna hakimu aliyemdai, na wanawake wenye huzuni wanakwenda kibandani kwake kumuuliza kwa nini wanateseka.