Makubaliano ya Kikundi Kabla ya Kuandika Programu

Makubaliano ya kikundi ni maandishi mafupi yanayoeleza jinsi watu wanaotengeneza programu ya kompyuta pamoja watakavyogawana kazi, watakavyoamua na watakavyomaliza mafarakano. Huandikwa kabla ya kazi kuanza, wakati kila mtu bado anamsikiliza mwenzake. Ukurasa mmoja unatosha.

Sababu yake

Watu wawili wakibadilisha faili moja siku moja, kazi ya mmoja inaweza kufuta ya mwingine. Mwenye neno la siri peke yake akihama, programu inabaki imefungwa. Kama vijana walikuwa wameitengenezea shule, ikiwa na majina ya wanafunzi na malipo yao, hasara inawafikia wazazi pia.

Mambo ya kuandika

1. *Kazi ya kila mmoja.* Jina, sehemu yake, na siku ya kuimaliza.
2. *Mahali pa kutunza kazi.* Vikundi vingi hutumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe. Kila mmoja huwa na nakala nzima kwake. Intaneti ikikatika anaendelea kuandika, kisha anatuma ikirudi.
3. *Ukaguzi.* Kazi isiingie katika nakala kuu kabla mwenzako hajaisoma. Anayekagua asahihishe kazi, asimdharau aliyeifanya.
4. *Maana ya «imekwisha».* Kwa mfano: imejaribiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na maelezo ya kuitumia yameandikwa.
5. *Mawasiliano.* Siku ya kukutana, na muda wa kujulisha wengine umeme ukikosekana au ugonjwa ukiingia. Bila hilo, kimya huhesabiwa kuwa uvivu.
6. *Maneno ya siri.* Yajulikane na watu wawili, si mmoja.
7. *Uamuzi na mali.* Nani anaamua mkishindwa kupatana? Programu ni ya nani? Ikileta pesa, zitagawanywaje? Swali hili la mwisho huonekana la aibu mwanzoni, lakini likiachwa ndilo huvunja urafiki.

Mfano wa Debian

Debian ni mfumo wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Mwaka 1997 walikubaliana juu ya ahadi zao kwa watumiaji, na mwaka 1998 wakapitisha katiba yao. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka, na watengenezaji wanaweza kutengua uamuzi wake kwa kura. Murdock aliacha uongozi mwaka 1996 na kufariki mwaka 2015, lakini kazi inaendelea mpaka leo.

Kuyatunza

Makubaliano yasomwe tena kila mwezi, na kila mgeni anayejiunga ayasome kwanza. Kifungu kisichofuatwa na mtu yeyote kibadilishwe au kiondolewe, kwa ridhaa ya wote.