Maana na asili ya msemo wa Kiingereza 'make headway'

Msemo wa Kiingereza 'make headway' una maana ya kupata maendeleo katika shughuli fulani, hususan ile inayokabiliwa na vikwazo. Aghalabu wafasiri huueleza kwa Kiswahili kuwa 'kupiga hatua' au 'kusonga mbele'.

Asili ya msemo huu ni baharini. Neno 'head' hapa hurejelea upande wa mbele wa chombo, ambao mabaharia wa Pwani huuita omo. Nalo 'way', ambalo kwa kawaida ni njia, kwa wanamaji wa Uingereza lilimaanisha mwendo wa chombo majini. Hivyo, katika karne ya 18, 'headway' lilikuwa mwendo wa kuelekea mbele. Chombo kilichorudi kinyumenyume, yaani upande wa tezi, kilisemekana kuwa na 'sternway', na kilichosukumwa kando na upepo kilikuwa na 'leeway'.

Enzi za matanga, kusonga mbele halikuwa jambo la hakika. Upepo wa mbisho ulimlazimu nahodha kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu kisha ule, na pengine kutwa nzima ingepita chombo kisisogee. Ndiyo maana msemo huu hubeba dhana ya juhudi dhidi ya upinzani.

Katika habari, msemo hutumiwa sana kwa kukanusha. Mazungumzo yanayosemekana kuwa 'made no headway' hayajavunjika. Hayajasonga mbele tu. Tofauti hiyo si ndogo. Mnamo Februari 26, 2008, msuluhishi Kofi Annan alisimamisha vikao vya makundi mawili yaliyokuwa yakijadiliana jijini Nairobi baada ya ghasia za uchaguzi, kwa kuwa havikuwa vikipiga hatua. Siku mbili baadaye, Rais Mwai Kibaki na Bw Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana mamlaka. Mfasiri ambaye angewaambia wananchi kwamba mazungumzo yamevunjika angewapotosha wakati wa hatari.

Katika uchukuzi, 'headway' lina maana nyingine: muda unaopita kati ya treni au basi moja na linalofuata.

Kwa hivyo, mfasiri hana budi kuzingatia muktadha. 'Kupiga hatua' hufaa mara nyingi. Penye upinzani, 'kupiga hatua licha ya vikwazo' huwasilisha maana kikamilifu zaidi.