Ndoa ya Kikatoliki: Kinachofunga ni ridhaa, si pete

KWA waumini wa Majengo mjini Songea, yalipo makao ya Jimbo Kuu Katoliki tangu mwaka 1987, harusi ya kanisani huanza kabla ya siku yenyewe. Majina ya wachumba hutangazwa, kwa desturi Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme.

Siku ya harusi, baada ya masomo na mahubiri, padri huwauliza wachumba kama wamekuja kwa hiari, kama watapendana na kuheshimiana maisha yote, na kama watawapokea watoto watakaojaliwa na Mungu. Kisha hushikana mikono ya kulia na kutamka ridhaa mbele ya padri na mashahidi wawili.

Hapo ndipo ndoa hufungwa. Padri huipokea ridhaa hiyo kwa niaba ya Kanisa. Pete, ishara ya upendo na uaminifu, hubarikiwa baadaye.

Kwa sababu hiyo, Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hubatilisha ndoa iliyofungwa kwa vitisho. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo yataka hiari ya wote wawili, hata kama mahari imekwisha kulipwa.