Hiba Ilitoka Mkononi Lini?

Ukimuuliza mkazi wa Discovery Gardens kodi ya mirathi ni kiasi gani, atakujibu hakuna. Ni kweli, Dubai haitozi kodi hiyo. Fleti ikiuzwa, ada ya kuisajili ni asilimia 4 ya bei, lakini mzazi akimpa mwanawe kama hiba, ada hushuka hadi asilimia 0.125. Lakini kwa familia zetu, ambazo baba yuko hapa, nyumba iko Mombasa na shangazi yuko London, mambo hayaishii kwenye ada.

Uingereza ilianzisha ushuru wa mirathi wa kisasa mwaka 1894. Mali isiyozidi pauni 100 ilisamehewa. Wenye mali walikuwa na njia ya kukwepa: kugawa kabla ya kufa. Kwa hiyo zawadi iliyotolewa ndani ya mwaka 1 kabla ya kifo ilihesabiwa pamoja na urithi. Baadaye muda huo ukawa miaka 3, kisha 5, na mwaka 1968 miaka 7, muda ambao ndio unaotumika leo. Kiwango cha msamaha sasa ni pauni 325,000. Na mtu akimpa mwanawe nyumba lakini akaendelea kuishi humo bure, sheria huiona nyumba bado ni yake.

Kenya nayo ilirithi ushuru huo kwa wakoloni, ikaufuta mwaka 1982.

Pwani yetu, hata hivyo, ilikuwa na mipaka yake zamani. Ibn Battuta, ambaye jina lake limepewa duka kubwa jirani na Discovery Gardens, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akawakuta watu wakifuata madhehebu ya Shafii. Kwa madhehebu hayo, hiba haikamiliki mpaka aliyepewa akabidhiwe. Anachotoa mgonjwa wa maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia: hakivuki theluthi ya mali, na akimpa mrithi, sharti warithi wengine waridhie.

Sheria hizi mbili zinauliza maswali yaleyale: mali ilitolewa lini, na je, iliachwa kweli? Kinacholindwa ndicho kinachotofautiana. Miaka 7 inalinda hazina ya serikali. Theluthi inalinda warithi, akiwemo binti ambaye kakake angeweza kuandikiwa nyumba yote baba akiwa kitandani.

Hapa Dubai hakuna karani wa kodi wa kuuliza maswali hayo, na hati ya hiba ni rahisi kupata. Mzazi mwenye afya anaweza kumpa mtoto mmoja fleti nzima na hati ikawa halali. Watakaouliza ni watoto waliobaki, na mara nyingi huuliza baada ya mazishi. Ni heri wazee wetu wayajibu wakiwa hai, watoto wote wakiwa wamekaa wanasikiliza.